Geji ya kompresheni kwa injini ndogo: tazama vali iko wapi

Kwa fundi wa Mwanza anayehudumia mashine za kukata nyasi na pampu za bustani za kando ya ziwa, geji hii ya kusokota, inayopima nguvu ya hewa inayobanwa ndani ya silinda (kompresheni), inafaa kuliko ile ya kubonyeza yenye kichwa cha mpira. Ile, mkono mmoja ukiishikilia na mwingine ukivuta kamba, lazima upepo uvuje.

Kabla ya kulipa, kagua vali ya geji, ile inayozuia hewa isirudi kwenye injini. Iwe mwisho wa bomba la mpira, pale panapoingia tundu la plagi, isiwe nyuma karibu na saa ya kusomea. Injini ya cc 163 yenye uwiano wa kompresheni wa 8.5 kwa 1 ina chumba cha mwako cha kama cc 22 tu. Vali ikiwa nyuma, bomba la mpira la sentimita 30, lenye tundu la milimita 5, linaongeza karibu cc 6 kwenye chumba hicho, na uwiano unashuka chini ya 7. Injini isiyo na ubovu inasingiziwa ugonjwa! Geji hii ina vali puani, na hilo pekee linatosha kuichagua. Vali hiyo ikifa usiweke vali ya tairi: springi yake ni ngumu, itashusha kipimo.

Pasha injini, izime, funga mafuta, toa plagi na waya wake uguse bodi. Sokota adapta ya milimita 14 kwa mkono hadi oringi (pete ya mpira ya kuziba) ikae. Fungua eksileta yote, choki iwe wazi, vuta kamba kwa nguvu mara 5 au 6 hadi mshale usimame.

Usilinganishe na gari. Injini nyingi za aina hii zina kifaa kwenye kamshafti (shafti inayofungua vali za injini) kinachoinua kidogo vali ya moshi wakati wa kuwasha, hivyo hata isiyo na ubovu inaweza kusoma psi (pauni kwa inchi ya mraba) 60. Tena uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, kipimo kinapungua kama asilimia 13. Psi 90 za pwani huku ni kama 78.

Kipimo kikiwa chini, tia kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye tundu la plagi, upime tena. Kikipanda, ringi za pistoni zimekwisha. Kisipopanda, ni vali za injini au gasketi ya silinda hedi. Anza na nafasi ya vali kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), maana vali iliyobana haifungi.

Kasoro ya geji yenyewe ni oringi: petroli huzivimbisha. Nunua za akiba siku hiyohiyo.