Utepe wa butili kwa dirisha la boti linalovuja: uzoefu wangu

Utepe wa butili, yaani mpira laini unaonata wa kuzibia maji, nimeutumia kwenye madirisha ya boti za faibaglasi kiasi cha kujua unapofaa na unapokwama. Ninaousema hapa ni ule wa kijivu, upana milimita 12 hivi, unene milimita 3, unaouzwa ukiwa umeviringishwa na karatasi ya kuuzuia usijigande. Kwa dirisha la fremu ya alumini iliyofungwa kwa skrubu au bolti, sijaona cha kuushinda. Kwa kioo cha akriliki kilichogundishwa ukutani bila fremu, usiununue.

Nguvu yake na udhaifu wake vina chanzo kimoja: butili haikauki. Hukaa laini miaka mingi, hunata pande zote mbili, na boti ikijipinda kwenye mawimbi, butili huvutika bila kuachia. Lakini haibebi mzigo. Skrubu ndizo zinazoshika, butili inaziba tu.

Kabla ya kugusa bisibisi, hakikisha unajua maji yanapita wapi. Dirisha la fremu lina njia mbili za kuvuja: kati ya fremu na ukuta, na kati ya kioo na fremu. Utepe huu unatibu ya kwanza peke yake. Ya pili inataka raba mpya ya kioo. Tena mara nyingi dirisha linasingiziwa. Maji huingia kwenye bolti ya vyuma vya sitahani, yakateremka ndani ya ukuta, yakatokea kona ya chini ya dirisha. Mwagia kwa mpira wa maji usio na kasi, ukianzia chini kupanda juu, dakika kadhaa kila upande, mwenzako akiwa ndani na tochi. Ukianza juu, maji yatashuka na kulowesha kila kitu, na hutajua lolote. Njia nzuri zaidi ni kufunga kabini, kupuliza hewa ndani kwa feni yenye nguvu, halafu kupaka maji ya sabuni nje. Povu likichemka mahali, hapo ndipo penye tundu.

Kutoa fremu kunataka subira. Skrubu zikishatoka zote, pitisha kisu chembamba cha puti kuzunguka ukingo, kisha ingiza kabari ndogo za mbao kila sentimita 10 na uzisogeze kidogo kidogo. Anayetia bisibisi nene sehemu moja na kukandamiza anapinda alumini, na fremu iliyopinda haikai bapa tena hata iwekewe utepe wa aina gani.

Kazi nyingi zinaharibikia kwenye usafi. Adui mkubwa ni silikoni ya zamani: butili haishiki juu yake, na mabaki yake hayaonekani kwa macho. Kwangua, piga msasa laini, halafu rushia maji. Yakitandaa, pamesafika, yakijikusanya matone, rudia. Asetoni, kimiminika cha kusafishia, ipake kwenye faibaglasi tu. Hushambulia plastiki za akriliki na polikaboneti na kuacha vijiufa visivyoondoka, kwa hiyo kioo cha plastiki kioshe kwa maji na sabuni laini. Chungulia pia ukingo wa tundu la ukutani. Kama katikati ya matabaka ya faibaglasi kuna mbao, na mbao imelainika, chimba mpaka ufikie iliyo nzima, acha ikauke kabisa, kisha jaza epoksi (gundi ngumu ya kuchanganya) iliyofanywa nzito. Mbao ikiwa bado nzima, chimba milimita 10 tu na ujaze vivyo hivyo, ili maji yakipenya siku moja yasikute cha kuozesha.

Dirisha la sentimita 60 kwa 25 lina mzingo wa sentimita 170. Ukijumlisha vipande vya kuzungushia skrubu, hesabu mita 2 kwa dirisha, mara mbili ya hapo kama ukingo wa fremu ni mpana na unataka mizunguko miwili. Bandika bila kuvuta, maana ukivuta unauwembamisha. Ncha mbili zikutane upande wa chini, uzifinye kwa vidole mpaka ziwe kitu kimoja. Siku ya joto karatasi hugoma kubanduka; weka utepe kwenye friji dakika chache. Matundu ya ukutani yapanue midomo kidogo kwa keekee, butili ipate nafasi ya kujikusanya kuzunguka bolti kama pete. Skrubu za chuma kisichoshika kutu zikikutana na alumini huila, basi zipake grisi ya lanolini.

Kukaza ndiko kunakotenganisha fundi na mwenye haraka. Butili hutembea polepole mno. Kaza kwa mkono, kwa kupishana pande, mpaka utepe uanze kuchungulia ukingoni, kisha acha nusu saa. Kaza tena. Rudi kesho yake, na siku mbili tatu zinazofuata, mpaka isitoke tena. Ukitumia mashine na kumaliza kwa mara moja, fremu inabanwa penye skrubu na kuinuka katikati yake, na hapo ndipo mvua itakapopita. Penye nati, shikilia kichwa cha bolti na uzungushe nati peke yake. Bolti ikizunguka inachana ule muhuri.

Iliyotoka nje ikate kwa kisu cha plastiki kilicholoweshwa maji ya sabuni. Masalia yaguse kwa donge la butili hiyohiyo, litayanyanyua. Jua kali litaisukuma nje tena wiki za mwanzo. Ikate tena, si kasoro. Lalamiko langu la kweli ni kwamba ukingo wake hunasa vumbi na kuacha mstari mweusi, na kwenye boti nyeupe unaonekana.

Angalia unachouziwa. Zipo tepe za puti zinazofanana nayo kabisa, nazo hukauka na kupasuka. Vuta kipande: butili nzuri hurefuka kuwa uzi mwembamba kabla ya kukatika, puti hukatika papo hapo.

Kwa akriliki isiyo na fremu, tumia silikoni ya kazi hiyo isiyonuka siki, yenye unene wa milimita 3 au zaidi, kwa sababu kipande cha mita 1 hurefuka takriban milimita 2 joto likipanda nyuzi 30. Polisalfaidi, aina nyingine ya kizibo cha boti, usiisogeze hapo, inaila akriliki. Na utepe utakaobaki usiuzungushie mdomo wa tangi la mafuta: petroli na dizeli huulainisha mpaka ukatiririka.