Nguo na viatu vya ofisini kwa anayekwenda kazini kwa baiskeli: kipi kinafaa joto la Dar

Kutoka Mwenge hadi Posta ni kama kilomita 10. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, hizo ni dakika 40 juu ya siti, na kwa unyevu wa Dar es Salaam shati lolote linakuwa limelowa ukifika. Hapa tunapima nguo nyepesi za heshima ambazo mtu anaweza kuziendeshea baiskeli na kuingia nazo kikaoni, pamoja na viatu vyake. Hukumu yetu tunaitoa mapema: suruali inayofaa kuliko zote ni ya sufu nyepesi ya mtumba iliyopita kwa fundi cherehani. Inazishinda hata zile zinazotengenezwa nje mahususi kwa waendesha baiskeli.

Hizo za mahususi zina akili nzuri ndani yake. Levi's walipotoa suruali zao za Commuter mwaka 2011 waliweka utepe unaoakisi mwanga ndani ya pindo, mfuko wa nyuma wa kitambaa maradufu na kitanzi kiunoni cha kuchomekea kufuli. Outlier wa New York, walioanza mwaka 2008, wakaja na vitambaa vinavyovutika na kukauka upesi. Mawazo hayo yote tunayapokea, ila kwa hali ya hewa ya pwani vitambaa ndivyo vinavyotushinda. Jinzi ya kawaida ina uzito wa gramu 400 hadi 475 kwa mita ya mraba. Ukishaitolea jasho asubuhi, mshono wa kiunoni bado una unyevu saa nne. Nailoni inavumilia msuguano wa siti kuliko kitambaa kingine chochote tunachokijua, lakini hewa ikiwa nzito inakuganda mapajani.

Tofauti inaanzia kwenye uzi wenyewe. Katika vipimo vya maabara, kwenye nyuzijoto 20 na unyevu wa hewa wa asilimia 65, sufu hubeba unyevu wa asilimia 16 hivi ya uzito wake, pamba 8, nailoni 4, na poliesta haifiki hata nusu asilimia. Ndiyo maana poliesta hukauka haraka lakini huliacha jasho juu ya ngozi, tena hushika mafuta ya mwili na kutoa harufu ambayo sabuni ya unga haiimalizi. Pamba hunywa jasho vizuri, ila ikishalowa hukauka polepole. Suruali za kadeti, ambazo wengi huanza nazo, zina shida hiyo: magoti yanatuna na nyuma panabaki alama ya siti hadi saa tatu.

Mtu akisikia sufu anafikiria sweta la Makete. Inayozungumziwa hapa ni nyingine kabisa: sufu ya suti za nchi za joto, iliyofumwa nyuzi moja juu moja chini, yenye gramu 210 hadi 260 kwa mita ya mraba. Inapitisha hewa, haishiki harufu upesi, na mikunjo yake hujinyoosha yenyewe ikitundikwa usiku mmoja. Mchanganyiko wa sufu 55 kwa poliesta 45 nao haumwangushi mtu, na kwa matumizi ya kila siku unadumu zaidi kidogo. Ziache zile laini mno, zilizoandikwa Super 120 kwenda juu. Uzi wake ni mwembamba, na siti inautafuna mapema.

Katika mitumba ya Ilala au Karume lebo mara nyingi imekatwa, kwa hiyo pima mwenyewe. Inua mguu wa suruali mbele ya jua: ukiona vitundu vidogo vya mwanga vilivyojipanga sawasawa, hewa itapita. Weka kitambaa mdomoni, puliza. Pumzi isipotokea upande wa pili, rudisha. Kisha vuta uzi mmoja kutoka kwenye mshono wa ndani na uuchome kwa kiberiti. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na huacha majivu yanayosagika kati ya vidole. Poliesta huyeyuka ikaganda kama shanga ngumu nyeusi. Mchanganyiko hutoa vyote viwili. Mwisho geuza suruali nje ndani uangalie mapaja na makalio. Pakianza kung'aa au uzi kutoa vinyweleo, mwenye nguo wa kwanza ameshaitumia sehemu kubwa ya maisha yake.

Sasa fundi. Suruali ya kitambaa ikivaliwa kwenye baiskeli huchanika msamba, kwa sababu mishono minne inakutana kwenye nukta moja na kila goti linapopanda nukta hiyo ndiyo inayovutwa. Mwambie fundi afumue hapo na kuingiza kipande chenye umbo la almasi, urefu sentimita 12 na upana 7, akitumia kitambaa kinachobaki anapofupisha miguu. Mvuto unatawanyika kwenye kingo nne, na mshono mnene unaondoka mahali unapokalia. Ashone kwa uzi wa poliesta, mistari miwili, mshono mfupi wa milimita 2.5 hivi. Uzi wa pamba huoza kwa jasho. Ndani ya makalio aweke bitana ya pamba nyepesi, aishike kwenye ukingo wa mishono tu ili isionekane nje. Pindo libaki na upana wa sentimita 18 au 19 likilazwa. Likizidi hapo, mguu wa kulia utaingia kwenye cheni hata ukiwa na kava. Ndani ya pindo hilo hilo la kulia ashone utepe wa kuakisi mwanga wenye upana wa sentimita 2.5: ukikunja jioni unaonekana, ukikunjua hakuna anayejua. Kabla ya kuondoka dukani kwake, kaa kwenye stuli, nyoosha mikono mbele kama umeshika usukani. Mkanda ukishuka nyuma zaidi ya vidole viwili, kiuno ni kifupi na shati litachomoka kila siku. Hilo fundi hawezi kuliongeza. Tafuta suruali nyingine.

Kuhusu mashati tuna maneno machache, kwa sababu ushauri wetu ni usiendeshe na shati la kazini kama ofisi ina mahali pa kubadilishia. Endesha na fulana, fika, kaa dakika 10 chini ya feni kwanza, ndipo uvae. Mwili huendelea kutoa jasho baada ya kusimama, na anayevaa shati papo hapo analilowesha akiwa ameshashuka. Kama huna pa kubadilishia, chukua pamba nyembamba ya gramu 100 hadi 120, yenye marinda mawili nyuma karibu na mabega. Rinda moja la katikati halisaidii kitu mikono ikiwa mbele. Mikono iwe mirefu kuliko kawaida kwa sentimita 3. Yaepuke mashati yanayosifiwa kuwa hayahitaji pasi: yametiwa dawa inayokaza nyuzi na kupunguza upitaji wa hewa. Kuhusu rangi, kijivu chepesi ndicho kinachoonyesha jasho kuliko zote, kikifuatwa na samawati. Nyeupe, bluu nyeusi na drafti ndogo huficha. Shati la kitenge, ofisi zinazoliruhusu, ni chaguo zuri kweli likiwa la pamba tupu, na maua yake hayaonyeshi alama yoyote.

Begi la mgongoni huharibu kazi yote hiyo. Funga mzigo kwenye karia.

Kwa wanawake, sketi ya solo au ya marinda inayofika chini kidogo ya goti inaendesheka vizuri kwenye baiskeli isiyo na bomba la juu, mradi gurudumu la nyuma lina wavu au kava pembeni. Sketi ya kubana inalazimisha magoti kupishana kwa taabu na mpasuo wake huchanika kwenda juu. Baibui na gauni refu vinahitaji kufungwa: kata lastiki ya upana wa sentimita 2, ivae juu ya nguo chini ya goti, kisha vuta kitambaa juu yake hadi pindo lipande usawa wa shavu la mguu. Pini usitumie, huacha matundu.

Viatu ndipo watu wengi wanapopoteza fedha. Kiatu rasmi cha soli ya ngozi ni kizito na huteleza kwenye pedali, mvua ikinyesha ndiyo kabisa. Kinachofaa ni kiatu cha kamba chenye ngozi laini juu na soli nyepesi ya povu la EVA iliyopigwa mpira chini, mtindo uliosambazwa sana na ZeroGrand za Cole Haan. Kinapunguza karibu nusu ya uzito, na mezani kinaonekana kiatu cha heshima. Udhaifu wake ni kwamba povu hutafunwa na pedali za chuma zenye meno. Weka pedali za matofali ya mpira, kama zile za Phoenix, na soli itadumu. Moka hazifai, kisigino kinachomoka ukisukuma kwa nguvu. Kamba nazo ziwe fupi, zifungwe mara mbili na ncha zichomekwe ndani, hasa mguu wa kulia ulio upande wa cheni.

Ukinunua kiatu cha mtumba, kuna kasoro moja isiyoonekana kwa macho. Soli nyingi laini hutengenezwa kwa poliyurethani, na poliyurethani huliwa na unyevu taratibu hata kiatu kikiwa kimelala kabatini. Ngozi inabaki kama mpya, kumbe soli imekufa. Mwenye nacho anavaa Jumatatu, anasukuma pedali mara chache, na kisigino kinabomoka vipande vipande. Bonyeza ukingo wa soli kwa ukucha wa kidole gumba karibu na kisigino. Ikirudi haraka bila alama, ni nzima. Ikiacha shimo, ikinata, au ikitoa unga na nyufa ndogo unapokunja kiatu mbele, iache hata kwa bei ya bure. Gundi haitashika kwa sababu hakuna kigumu cha kushikia. EVA na mpira hazina ugonjwa huo.

Wakati wa masika usibishane na maji. Kiatu cha kazini kilale ofisini, njiani vaa kandambili za mikanda zinazoshika kisigino, na hakikisha madigadi la mbele lina ulimi wa mpira unaoshuka karibu na lami, kwa kuwa maji mengi yanayolowesha miguu hurushwa na gurudumu la mbele.

Kuhusu ufuaji: sufu kwa maji baridi na shampuu kidogo, bila kukamua, ikauke kivulini. Nguo yenye elastane, yaani uzi unaovutika, isiguswe na jiki wala pasi ya moto mkali. Nyuzi zile hukatika ndani bila wewe kuona, na baada ya hapo magoti hayarudi tena.