Meza ya kompyuta ya kugusa: itikise kabla hujailipia

Malalamiko ni yale yale kila mara. Mtu ananunua kompyuta ya skrini ya kugusa, anaiweka juu ya meza iliyokuwa sebuleni, na baada ya wiki mbili bega linauma na kidole kinakosa vitufe. Analaumu kiti. Ananunua kiti kipya cha magurudumu, bega bado linauma. Kisha anailaumu kompyuta na kuitangaza mtandaoni kwa bei ya kutupa.

Kiti hakina kosa, wala kompyuta. Meza inatikisika.

Kompyuta ya kawaida huigusi. Unagusa kibodi iliyolala, na meza ikiyumba kidogo hata huoni. Ya kugusa unaisukuma kutoka mbele siku nzima, na kila msukumo unapita kwenye shingo ya stendi, unaingia kwenye ubao, unashuka miguuni. Penye ulegevu wowote katika njia hiyo, skrini inaenda nyuma na kurudi mbele. Jicho linasubiri itulie, na mkono nao unabaki hewani ukisubiri. Bega linachoshwa na kungoja huko kuliko linavyochoshwa na kugusa. Halafu, mtu akiona skrini inakikimbia kidole chake, anaanza kubonyeza kwa nguvu bila kujua, ilhali kioo cha siku hizi kinahisi chaji ya umeme ya kidole na hakihitaji kusukumwa hata kidogo. Kadiri anavyobonyeza ndivyo meza inavyozidi kucheza.

Kwa hiyo hapa sitazungumzia rangi, droo wala tundu la kupitishia nyaya. Hayo muuzaji yeyote atakueleza bila kuulizwa. Nitapanga meza kwa jambo moja tu: zinavyotulia zikiguswa.

Kipimo chenyewe unaweza kukifanya dukani. Weka glasi ya maji robo tatu kwenye ukingo wa nyuma, katikati. Simama mbele, sukuma ukingo wa mbele kwa kidole kama unayegonga skrini, mara tatu. Kisha shika kona moja uisukume kushoto na kulia. Maji yakiendelea kucheza ukishahesabu moja, mbili, tatu, ondoka. Baada ya hapo inama uangalie chini. Miguu minne iliyofungwa kwenye ubao peke yake ni mstatili, na mstatili ukisukumwa unageuka msambamba bila kuvunja chochote. Pembetatu haigeuki. Unachotafuta ni chuma cha mshazari nyuma, au ubao wa nyuma unaoshuka angalau sentimita 30 na kushikwa na miguu yote miwili.

Nafasi ya kwanza: meza ya chuma ya kuagiza kwa fundi

Hakuna meza ya kiwandani inayoishinda hii kwa pesa ile ile. Mafundi wa Ngong Road, Nairobi, wanaitengeneza, na wa Kamukunji pia, lakini ukienda na maneno matupu utatengenezewa meza ya kulia chakula. Nenda na vipimo vimeandikwa.

Urefu sentimita 130, upana wa mbele hadi nyuma 75. Usikubali 60. Kwenye 60 skrini ikilazwa inakula nafasi yote na kiwiko kinabaki bila pa kukaa. Kimo kiwe kama 67, si 75 ya kawaida, kwa sababu mkono unapanda juu ya skrini iliyolala, na kila sentimita unayoongeza chini inalipwa na bega.

Fremu iwe ya skwea tyubu (bomba la chuma la pembe nne) ya milimita 40 kwa 40, unene 1.5. Fito mbili za mita 6 zinatosha. Wa kwanza unatoa vipande vitatu vya 130 (mbele, nyuma, na wa kufunga miguu ya nyuma chini), miguu miwili ya sentimita 60 (fremu ya juu, ubao na futi zinajaza hadi 67) na kipande kimoja cha 67 cha kuunganisha mguu wa mbele na wa nyuma ubavuni. Wa pili unatoa miguu miwili iliyobaki, vipande viwili vya 75 vya juu na cha pili cha 67. Unabaki na zaidi ya mita mbili na nusu, na hizo ndizo za mishazari ya nyuma. Fundi akikuambia mabaki hayafai kitu, mwambie akate mishazari miwili palepale ukiwepo. Ndiyo roho ya meza hii.

Unene wa chuma ndio unaochezewa. Unalipia 1.5 unapewa 1.2, na kikishapakwa rangi huwezi kujua. Pima kabla hakijakatwa: ufito wa mita 6 wa 1.5 una uzito wa karibu kilo 11, ule wa 1.2 haufiki kilo 9. Mizani ya duka la vyuma haikosekani.

Viungo vichomelewe mzingo mzima, si nukta mbili tatu na kufunikwa na rangi. Kabla ya rangi pima kona kwa kona kwa utepe, mshazari huu na ule: vipimo vikipishana zaidi ya milimita 3, fremu imepinda na mguu mmoja utaning'inia. Chini ya kila mguu agiza futi ya skrubu ya kupandisha na kushusha, yenye mpira. Sakafu za vigae za nyumba zetu za kupanga hazilali sawa, na karatasi iliyokunjwa chini ya mguu hulegea baada ya siku mbili.

Ubao wa juu: mahogani ya milimita 25 iliyokauka, au blokbodi ya 18. Mbao mbichi ndiyo hasara kubwa hapa. Inakunjika ikikauka sebuleni, inainuka kutoka kwenye fremu, na mtikisiko unarudi hata chuma kikiwa kizuri. Tundu za skrubu kwenye fremu zitobolewe ndefu kidogo upande wa upana, ili mbao ikipanuka wakati wa mvua isipasuke.

Juu ya meza hiyo, chaguo langu ni HP EliteOne 800 ya inchi 23 ya mtumba kutoka Uingereza, yenye stendi ya kulaza (recline stand). Nasema wazi kwamba naipendelea. Stendi hiyo inashusha skrini karibu na meza na kuilaza nyuma, kwa hiyo shingo ndefu, ambayo ndiyo chanzo cha pili cha mtikisiko, inaondoka. Tatizo ni maduka. Kwenye Moi Avenue na Luthuli utaikuta imewekewa stendi ya wima, wakati mwingine isiyo yake kabisa, na muuzaji anaapa kwamba zote ziko hivyo. Haziko hivyo. HP iliuza modeli hiyo kwa stendi zaidi ya moja. Uliza ya kulaza kwa jina, na akikuambia ataitafuta kesho, lipa kesho.

Ukiwa na skrini peke yake, mkono wa kushikilia skrini wa Ergotron LX unabeba kilo 3.2 hadi 11.3 na unashika matundu ya nyuma ya milimita 75 au 100 kwa skrubu za M4. Wenyewe ukiachwa hewani unarudi nyuma ukiguswa, ndivyo springi ilivyo. Dawa yake ni kuushusha mpaka ukingo wa chini wa skrini ukae juu ya kipande cha mpira mezani. Meza inabeba msukumo, mkono unashika mlalo tu.

Nafasi ya pili: meza kuukuu ya ofisi

Zile za mbao nzito zenye makabati ya droo pande zote mbili, zinazouzwa ofisi zikihama. Hazitikisiki, kwa sababu kila kabati ni sanduku. Ubaya wake ni kimo, kwa kawaida 75 au zaidi, na makabati huwezi kuyakata. Pandisha kiti na uweke ubao wa sentimita 8 chini ya miguu yako. Angalia nyuma pia: plaiwudi ya nyuma ikiwa imeng'oka, sanduku limefunguka na utulivu umekwisha.

Nafasi ya tatu: meza ya mota

Ikishushwa chini kabisa ni nzuri. Ikipandishwa ili usimame, nguzo zinatoka moja ndani ya nyingine na skrini inacheza kama bendera. Kwa kibodi sawa, kwa kugusa hapana.

Zile za chipubodi za kufunga mwenyewe: skrubu zinatafuna tundu lake ndani ya miezi michache. Ukishaimiliki, pigilia plaiwudi ya milimita 12 nyuma nzima, kwa gundi. Ya kioo usinunue.

Ikishafika nyumbani

Laza skrini nyuzi 35 hadi 45 kutoka mezani ikiwa unagusa sana, kama kitabu juu ya mimbari, na macho yawe sentimita 40 hadi 45 kutoka kwenye kioo. Ule urefu wa mkono mzima unaoshauriwa kwa kompyuta za kawaida hapa unakulazimisha kunyoosha kiwiko. Acha sentimita 15 hadi 20 mbele ya skrini kwa ajili ya kupumzisha mkono, na kibodi ikae kando wakati huitumii.

Skrini iliyolala inaakisi dari. Vyumba vyetu vingi vina balbu moja katikati, kwa hiyo sogeza meza ukutani mpaka usiione kwenye kioo ukiwa umekaa, kisha weka taa ya pembeni.

Skrini ikianza kujigusa yenyewe, chomeka kwenye soketi ya ukutani kwanza kabla ya kumwita fundi. Ekstensheni nyingi za bei rahisi zina tundu la waya wa ardhi lisilounganishwa na chochote, na kelele ya umeme inapitia kwenye kioo.

Na bei. Wauzaji wa mtandaoni wanaandika "imara sana" bila unene wa chuma, bila uzito, bila picha hata moja ya chini ya meza. Uliza hayo matatu kwa ujumbe kabla ya kuuliza bei, na asiyejibu mruke. Wengine wanakutajia bei, mnakubaliana, gari la mzigo limeshafika, ndipo ukiomba risiti unaambiwa ongeza asilimia 16 ya VAT. Bei iliyotajwa iwe na kodi ndani, na iandikwe hivyo pamoja na unene wa chuma, aina ya mbao na idadi ya mishazari. Lipa nusu siku ya kuagiza. Nusu nyingine lipa fremu ikiwa imesimama kwenye sakafu yako, glasi ya maji juu yake.