Huduma ya kuhariri ikisiri Ligula, Mtwara

Mwezi uliopita nilipeleka tasnifu yangu ya uzamili kwenye duka dogo la steshenari lililopo Ligula, hapa Mtwara mjini, ambako mwalimu mstaafu huhariri kazi za wanafunzi. Nilimwomba anisaidie ikisiri peke yake, yaani muhtasari mfupi unaotangulia tasnifu, kwa kuwa msimamizi wangu alikuwa ameirudisha mara mbili.

Utafiti wangu ulihusu wakulima wa korosho wa Nanyamba na namna wanavyoamua wakati wa kupulizia salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mikorosho. Ikisiri ilikuwa na sentensi tisa. Mwalimu alichukua penseli akaandika pembeni mwa kila sentensi kazi inayoifanya: saba zilikuwa usuli mtupu, yaani maelezo ya awali kuhusu mada, moja lengo, na moja mbinu. Matokeo hayakuwamo, kwani nilikuwa nimegusia tu, ndani ya sentensi ya mbinu, kwamba yamejadiliwa katika sura ya nne. “Mwanangu,” aliniuliza, “wakulima walikwambia nini?” Nilipomweleza kwa mdomo, akanitaka niyaandike hayo hayo.

Hakudai kuwa mpangilio huo ni wake. Alinieleza kuwa mwanaisimu Ken Hyland, katika uchunguzi wa ikisiri za taaluma nane uliochapishwa mwaka 2000, alibainisha hatua tano, yaani utangulizi, lengo, mbinu, matokeo na hitimisho, akifuata njia ya mwanaisimu mwenzake John Swales ya kuipima kila sehemu ya matini kwa kazi inayoifanya. Hatua hizo si lazima zitimie zote. Waandishi wa fizikia na uhandisi mara nyingi huuruka utangulizi, ilhali wa sayansi za jamii huuhitaji ili kuonyesha pengo ambalo tafiti zilizotangulia hazijaliziba. Ndiyo maana usuli wangu haukufutwa wote, bali ilibaki sentensi moja yenye tatizo lenyewe. Vilevile, nilipokwisha kuyaandika matokeo, alinibadilishia “yamethibitisha” kuwa “yanaashiria”, kwa sababu nilihoji wakulima wa vijiji viwili tu, na hilo naliona somo kubwa kuliko yote.

Nililipa shilingi 20,000, bei ninayoiona ya haki. Dosari ipo kwenye tafsiri ya Kiingereza, anayoifanya kijana mwingine wa dukani: alifuata neno kwa neno, matokeo na hitimisho vikachanganyika katika sentensi moja, nikalazimika kuiandika upya mwenyewe. Kwa ikisiri ya Kiswahili, hata hivyo, nitarudi kwa Mwalimu bila kusita. Atakayekwenda aende na sura ya matokeo mkononi, maana hiyo ndiyo atakayoulizwa kwanza.