Seoul mwezi wa Januari: uzoefu wangu wa kuifaidi baridi

Naipa Seoul ya Januari nyota 4 kati ya 5, na iliyopungua haikuondolewa na baridi. Iliondolewa na vumbi, nitalifikia. Baridi yenyewe wenyeji wameijengea mji mzima: sakafu za nyumba zina mabomba ya maji moto, viti vya treni za chini ya ardhi vina hita, na vituo vingi vya basi vina mabenchi yenye joto ambayo mgeni huyakalia mara ya kwanza akaruka, akidhani kuna hitilafu. Anayeteseka ni yule anayepanga siku kana kwamba yuko Forodhani jioni, kuzurura nje saa 5 mfululizo. Seoul ya baridi huliwa kwa matonge: dakika 40 nje, dakika 20 ndani, kisha unatoka tena.

Januari, mchana hufika kama nyuzi 2 na usiku hushuka hadi hasi 5 au hasi 6. Hizo ni siku za kawaida. Upepo wa Siberia ukishuka, mji unaweza kuamkia hasi 12, na mara chache hasi 15. Aliyezoea Njombe au Limuru mwezi wa Julai ajue hii ni baridi ya namna nyingine: kavu, bila ukungu, anga ya buluu na jua linalong'aa bila kupasha. Midomo hupasuka kabla vidole havijafa ganzi. Vaseline ya nyumbani inatosha kabisa, ila ipakwe kabla ya kutoka.

Wakorea wana usemi wa zamani, samhan saon, yaani siku tatu za baridi na siku nne za nafuu. Haufuati kalenda, lakini mtindo wa mawimbi upo, kwa hiyo ukifika tazama utabiri wa wiki nzima ndipo upange majumba ya kifalme siku gani na makumbusho siku gani. Siku hizi wanautania usemi huo: samhan sami, siku tatu za baridi, siku nne za vumbi. Hapo ndipo nyota yangu ya tano ilipokwenda. Upepo wa kaskazini ukivuma, hewa ni safi na unaganda. Ukitulia, joto hupanda kidogo, hewa hutuama na kujaa chembechembe ndogo zinazowasha koo. Barakoa za KF94, zinazochuja vumbi hilo, zinauzwa kila duka la dawa na kila duka la saa 24. Mwenye pumu asibahatishe: siku kipimo cha vumbi kikiwa chekundu, akae ndani.

Kwenye mavazi, kosa la wengi ni koti moja zito juu ya fulana ya pamba. Ndani ya treni na madukani kuna joto kweli. Unatoka jasho, pamba inalinyonya, ukirudi nje jasho hilo ndilo linalokugandisha. Vaa tabaka: fulana na suruali nyembamba za ndani zisizo za pamba, sweta unaloweza kulivua, kisha koti la manyoya ya bata linalofunika mapaja. Koti si lazima ulinunue Korea. Mitumba ya Gikomba au Karume huwa na makoti hayo ambayo wengi hawana kazi nayo. Lifinye kwa kiganja, liachie: likijaa upya ni zima, likibaki na mabonge, manyoya yameshikana na halitakupa joto. Viatu usiahirishe. Huko saizi huandikwa kwa milimita, na zaidi ya 280 maduka mengi ya kawaida hayana. Glavu, kofia na soksi nene ndizo za kuacha ukanunue Daiso, maduka ya vitu vya bei nafuu, au soko la Namdaemun, ni bei ndogo.

Vifuko vya joto, wao huviita hatpaek, vinastahili sifa zote, lakini vina masharti. Ndani mna unga wa chuma unaotoa joto ukikutana na hewa. Fungua karatasi, tikisa, subiri dakika kadhaa ndipo utie mfukoni. Kile cha mkononi ukikisokomeza kiatuni kitapoa, kwa kuwa kule hewa haitoshi. Vya miguuni vipo vya peke yake. Vyenye gundi hubandikwa juu ya fulana, kamwe si kwenye ngozi, na havilaliwi: huunguza polepole bila wewe kuhisi, hadi uone lengelenge asubuhi. Simu nayo huumwa baridi. Betri inaweza kuonyesha asilimia 30 kisha ikazima ghafla, basi iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Sasa chumba, na hapa nitakaa, kwa sababu lawama nyingi za wageni kwamba "nyumba ilikuwa baridi" hutoka kwenye kidude kimoja cha ukutani. Ukipanga nyumba au chumba chenye ondol, yaani sakafu ya moto, kuna kibao cha boila. 전원 ni kuwasha na kuzima. 실내 hupima hewa ya chumba: weka 21 au 22 na uache. 온돌 hupima maji yanayopita sakafuni, ndiyo maana namba inaweza kusoma 50 au 60. Usishtuke, wala usiishushe hadi 22 ukidhani chumba kitawaka moto. 온수 ni maji ya kuoga. 외출 maana yake "nimetoka", na huzuia mabomba yasigande, basi. Mgeni hulibonyeza bila kujua, akalala na makoti matatu, asubuhi akamlaumu mwenye nyumba.

Sakafu hiyo huchukua saa nzima au zaidi kupata moto, na hushikilia joto muda mrefu. Kuzima na kuwasha kila ukitoka hakuokoi kitu, unarudi kwenye jiwe. Usiweke sanduku lenye chokoleti, dawa au vipodozi moja kwa moja sakafuni, vitayeyuka. Hewa hukauka sana, hivyo tundika taulo lililolowa karibu na kitanda, la sivyo utaamka na damu puani. Siku za hasi 10 na chini, mwenye nyumba akikuomba uache bomba likidondoka usiku, fanya hivyo, na mkono wa bomba uelekee upande wa maji moto, kwa kuwa bomba la moto likikaa bila kupitisha maji huganda kirahisi. Na akikukataza kufua kwa mashine iliyoko kibarazani, hakunyanyasi: bomba la kutolea maji likiganda, maji hurudi na kufurika kwa jirani wa chini.

Usafiri wa Seoul sina la kulalamikia. Kutoka uwanja wa ndege wa Incheon, treni isiyosimama hufika Seoul Station kwa dakika 43 kutoka jengo la kwanza. Inayosimama huchukua kama saa moja kwa bei isiyofika nusu, na hupita mtaa wa Hongdae, ambako wengi hulala. Nauli ya msingi ya treni za mjini ni won 1,550 (won ni sarafu ya Korea). Kadi ya watalii ya Climate Card, ya kupanda utakavyo, ya siku 3 ni won 10,000, hivyo inaanza kulipa ukipanda mara 7. Kwa baridi utapanda tu, hata vituo viwili. Ramani tumia ya Naver au Kakao, kwa sababu Google huko haikupi maelekezo ya kutegemewa ya kutembea kwa miguu. Halafu kuna kichekesho chetu sisi wa saa za Kiswahili: Seoul iko mbele ya Nairobi na Dar kwa saa 6, kwa hiyo saa ya ukutani kule inasoma namba ile ile mnayotaja nyumbani. Nyumbani ikiwa saa moja asubuhi, kule ukutani ni 1:00, mchana.

Januari jua huchomoza karibu saa 2 kasorobo asubuhi na kuzama kabla ya saa 12 jioni. Mambo ya nje yafanye kati ya saa 5 asubuhi na saa 9 alasiri. Kwenye majumba ya kifalme, Gyeongbokgung hufungwa Jumanne. Changdeokgung na Deoksugung, Jumatatu. Kiingilio cha Gyeongbokgung ni won 3,000, na aliyevaa hanbok, vazi la jadi la Kikorea, huingia bure, ila kwa baridi hiyo vaa nguo za ndani zako zote chini yake, maana kitambaa chake hakizuii upepo. Miezi ya baridi wa mwisho huingia saa 10 jioni. Kubadilishana kwa walinzi langoni ni saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Chagua ya mchana. Uwanja wa barafu mbele ya ukumbi wa jiji hutoza won 1,000 kwa saa pamoja na viatu vya kutelezea. Glavu ni lazima, nenda nazo. Kwa bei hiyo hakuna burudani ya kushindana nayo.

Chakula cha barabarani ndicho kinachonifanya nipendelee Januari kuliko Aprili. Hotteok ni kama andazi bapa lenye sukari iliyoyeyuka ndani: ling'ate pembeni kwanza, sukari ile inaunguza ulimi vibaya. Viazi vitamu vya kuchoma havihitaji utambulisho. Bindaetteok ya soko la Gwangjang ni choroko zilizosagwa na kukaangwa, lakini Mwislamu aulize, kwa kuwa mara nyingi huchanganywa na nyama ya nguruwe. Sundae ya sokoni aiache kabisa, ni utumbo wa nguruwe na damu. Kwa nyama halali nenda Itaewon, mtaa wa msikiti mkuu uliofunguliwa mwaka 1976. Supu moto zipo kila kona, na bado utaona vijana wakinywa kahawa ya barafu kwenye hasi 8. Mimi nimeshindwa kuwaelewa.

Jjimjilbang, bafu la umma lenye vyumba vya joto, ndiyo dawa ya mwisho wa siku. Mengi hutoza kati ya won 10,000 na 20,000. Viatu kwenye kabati la kwanza, nguo kwenye la pili, kisha unaoga kwa sabuni kabla ya kuingia kwenye mabwawa. Huko wanaume na wanawake hutengana na watu wote ni uchi, hakuna nguo ya kuogelea; asiyeweza hilo ajue mapema. Vyumba vya joto huchangamana, na mnavaa sare mliyopewa. Kunywa sikhye, ya wali na kimea, binamu wa togwa.

Usitoke hapo nywele zikiwa mbichi, na jihadhari na miteremko ya mitaa ya Bukchon na Itaewon, ambako theluji ya mchana huganda usiku ikawa kioo kisichoonekana. Tembea kwa hatua fupi, mikono nje ya mifuko. Vyuma vya kufunga chini ya soli huuzwa Daiso. Chumvi ya barabarani hula ngozi ya viatu, vifute kila jioni. Na beba adapta: soketi zao ni za pini mbili za duara, plagi zetu za pini tatu hazingii.