Thunderbird: Ctrl+Enter yake inauliza kwanza

Wale mnaoshinda kwenye Word asubuhi halafu mchana mnahamia kwenye imeili, hii inawahusu. Kwenye Word ukibonyeza Ctrl+Enter unapata ukurasa mpya, kwenye Excel inajaza seli zote ulizochagua, sasa vidole vikishazoea ukaingia Gmail au Outlook ukabonyeza vilevile, barua ishaondoka hiyo, hata salamu hujamaliza. WhatsApp ya kwenye kompyuta nayo ina mambo yake, Enter tupu inatuma, mstari mpya ni Shift+Enter, yani mtu mmoja kibodi moja sheria kibao.

Ndo maana naisifia Thunderbird, programu ya bure ya imeili ya hawahawa Mozilla wenye Firefox. Nayo inatuma kwa Ctrl+Enter, ila haikurupuki, inaleta kidirisha inakuuliza una uhakika barua iko tayari. Uko pale "Ndugu Mkurugenzi, kuhusu malipo ya", kidole kinateleza, kidirisha hicho, unagonga Esc unaendelea zako, mkurugenzi hajui lolote. Ila hapohapo kwenye kidirisha kuna kiboksi cha kusema usiniulize tena, watu wana haraka wanakitiki, wakishakitiki ulinzi umeisha. Kama ulishakitiki ingia setingi, sehemu ya Composition, irudishe. Na ukituma kwa kubonyeza kitufe cha Send kwa mausi haikuulizi chochote, inajua umekusudia.

Kingine nilichokipenda sana, ukitaja kiambatisho na faili hujaweka inakukumbusha. Maneno inayoyatafuta unaweza kuongeza yako, mi nimeweka "nimeambatanisha", "tumeambatanisha", "kiambatisho", sasa hivi inanikumbusha kwa Kiswahili changu hichihichi cha ofisini, raha tupu.

Kasoro yake, ukishakubali kutuma imetoka, haina ile ya kurudisha kama Gmail. Gmail inakupa sekunde 5 za kughairi, na ukienda setingi unaongeza mpaka 30, sijui kwa nini watu wanaziacha 5 maana hazitoshi hata kushtuka. Mi kwenye Thunderbird sehemu ya anwani naijaza mwisho kabisa, barua isiyo na wa kumpelekea haiendi popote hata ubonyeze nini. Tatizo linabaki kwenye kujibu, pale anwani inakuja yenyewe, na hapo ndo kile kidirisha kinafanya kazi yake.

Muonekano wake wa kizamani kidogo, vitufe vingi, siku za mwanzo utahangaika. Kwangu sio shida.

Kama ofisi inawalazimisha Outlook ile ya zamani ya kuinstoo (classic), nendeni File, Options, Mail, mtoe tiki kwenye Ctrl+Enter isitume. Ila Alt+S bado inatuma, hiyo muwe nayo makini.