Nimemaliza Hajime no Ippo, Nikazunguka Mwaka Mzima Kutafuta Mrithi Wake

Nilianzia mwisho, na kosa lilikuwa la kijana wa duka la muvi. Nilimpa flashi nikamwambia aniwekee ile katuni ya Kijapani ya ngumi inayosifiwa, naye akanijazia Rising peke yake, yaani msimu wa tatu wa Hajime no Ippo. Nikakuta jitu linaitwa Takamura tayari lina mkanda wa dunia, watu wanalia kwa mambo nisiyoyajua, nami nimekaa kama mgeni aliyefika harusini masufuria yanaoshwa. Kesho yake nikarudi dukani. Akacheka, akaniwekea ile ya mwanzo, ya mwaka 2000. Wiki sita baadaye nilikuwa nimeimaliza yote, na ugonjwa mnaoujua ukaanza: sasa nitazame nini?

Kwa ambaye hajaiona, Ippo Makunouchi ni mwanafunzi mpole anayeonewa na wenzake. Baba yake alifia baharini, naye anamsaidia mama yake kuendesha boti ya kubeba watu wanaokwenda kuvua samaki kwa kujifurahisha. Siku moja Takamura, ambaye ni bondia, anamwokoa mikononi mwa waonevu, kisha anampa mtihani: akamate majani kumi yanayodondoka mtini, kwa mkono mmoja, na ana wiki moja ya kujifunza. Hapo ndipo niliponasa. Hakuna ngumi hata moja iliyompata mtu, ni mtoto na mti tu, lakini sikuweza kuinuka.

Sehemu kubwa nilitazama na mjomba wangu, aliyepiga ngumi za ridhaa miaka ya 80 kabla magoti hayajamkatalia. (Namwita mjomba, naye ananiita mjomba, ndivyo tulivyozoeana.) Alikuwa akiingia Jumapili kusalimia, anakuta katuni, anasonya, anakaa. Siku ya tatu akasema, "Mjomba, huyu mtoto ana kiuno." Nikamuuliza kiuno kinahusianaje. Akaniambia ngumi haitoki mkononi, inatoka kisiginoni ikapita kiunoni, mkono ni mpeleka barua tu. Na kweli, hadithi yenyewe inaeleza hivyo hivyo: miaka ya kubeba makasha mazito juu ya boti inayoyumba ndiyo iliyomjengea Ippo miguu na mizani.

Jambo dogo la kuchekesha. Episodi za televisheni ni 75 za mwanzo, 26 za msimu wa pili, New Challenger ya mwaka 2009, na 25 za Rising iliyoanza 2013. Jumlisha: 126. Ippo anapigana uzito wa unyoya, ambao mwisho wake ni ratili 126, kilo 57 na ushee. Sidhani kama kuna mtu aliyepanga, lakini mjomba alipenda sana hesabu hiyo.

Kasoro zipo. Utani mwingi ni wa chumba cha kubadilishia nguo, na wanawake wamepewa kazi ya kusubiri na kuhofia. Raundi moja ya dakika tatu inaweza kula episodi nzima, maana katikati ya konde mtu anakumbuka utoto wake. Mwanzoni hilo lilinichosha. Baadaye nikagundua ndilo nililokuwa nalipenda. Sendo wa Osaka analelewa na bibi yake mwenye kiduka cha peremende. Volg ametoka Urusi na kule ana mama mgonjwa. Mashiba, ambaye unamchukia kuanzia sura, amemlea dada yake peke yake. Kila anayepanda ulingoni kumpiga Ippo ana kwao. Ikifika raundi ya mwisho hujui umshangilie nani, na yeyote atakayeshinda utaumia.

Kwa hiyo mtu akiniuliza atazame nini baada ya Ippo, simuulizi kama anataka ngumi. Ngumi ziko nyingi. Natafuta mpinzani mwenye kwao. Nilijifunza hilo kwa kupoteza bando, kwa sababu kwanza nilikimbilia Baki na Kengan Ashura. Watu wanavunjana mifupa vizuri sana, misuli imechorwa hadi mishipa, lakini wengi wanatoka hewani na kurudi hewani. Mjomba aliangalia nusu saa akasema hawa hawana mama. Tukafuta.

Wengi watakwambia uende moja kwa moja kwa Ashita no Joe, kwa kuwa ndiyo baba wa zote. Mimi nasema ngoja kwanza. Ni ya mwaka 1970, ina episodi 79, michoro inaruka, na Joe Yabuki si Ippo hata kidogo. Ni yatima mkorofi, mwongo, anayeingia kwenye mtaa wa vibarua wa Tokyo, kule wanakolala watu wa kutafuta kazi ya siku, na baada ya muda mfupi yuko kwenye gereza la watoto. Mlevi mwenye jicho moja, Danpei Tange, aliyewahi kuwa bondia, anamfundisha ngumi kwa kadi za posta. Kadi za posta! Somo la kwanza ni ngumi ya kushoto ya kudonoa, na huyo mtoto anaisoma akiwa selo kwa hasira, anaijaribu, inafanya kazi. Mwongozaji Osamu Dezaki alikuwa na miaka 26 tu, na pale ambapo hisia zinafika kileleni anasimamisha picha ghafla ikageuka mchoro wa rangi nzito, kana kwamba mtu ameshika pumzi. Ukizoea macho yako huo mtindo, vitu vingi vya leo vitaonekana vina haraka bila sababu.

Kama hutaki kuharibiwa utamu ruka aya hii. Mpinzani wa Joe ni Toru Rikiishi, waliyekutana gerezani. Rikiishi ni mkubwa kuliko Joe kwa uzito, na ili wakutane kihalali anajipunguza hadi uzito wa bantamu, akijinyima chakula na mwishowe hata maji, mabomba yamefungwa kwa waya asije akanywa usiku. Anashinda pambano, halafu anakufa. Hadithi ilikuwa ikitoka kwanza kama vibonzo kwenye jarida la kila wiki, na wasomaji hawakuweza kuvumilia. Tarehe 24 Machi 1970 alifanyiwa mazishi ya kweli, kwenye jengo la wachapishaji Kodansha jijini Tokyo, yakiratibiwa na mshairi Shuji Terayama, na watu wapatao 700 wakaja kumlilia mtu wa wino. Wiki moja baadaye, tarehe 31, vijana wa mrengo wa kushoto waliteka ndege ya shirika la Japani, na katika tamko lao wakasema wao ni Ashita no Joe. Kesho yake, 1 Aprili, episodi ya kwanza ikarushwa kwenye televisheni. Mimi nilimweleza mjomba habari ya mazishi nikitegemea atacheka. Hakucheka. Aliniambia anamjua kijana aliyewahi kukimbia juani amejifunika mifuko ya nailoni siku mbili kabla ya kupima uzito, akaacha hapo, hakuendelea.

Kwa hiyo Joe ifike baadaye, ukiwa umetulia. Ukitoka tu kwenye uchangamfu wa Ippo ukaingia humo utadhani umemwagiwa maji ya barafu. Kuna njia ya kupitia, nayo ni Megalo Box ya 2018, iliyotengenezwa kuadhimisha miaka 50 ya Joe. Ni episodi 13 tu, wikiendi moja inatosha. Mabondia wanavaa vyuma mikononi vya kuongeza nguvu, na shujaa, kwa mambo ambayo sitayaeleza, anaamua kupanda bila chuma chochote. Picha zimechakazwa makusudi zionekane kama kanda ya miaka ya 90. Muziki wake, wa msanii anayejiita mabanua, ni wa kusikiliza hata bila picha, mimi ninao kwenye simu. Yuri, bingwa anayemsubiri juu, ana heshima fulani ya kimyakimya iliyonikumbusha wapinzani wa Ippo. Msimu wa pili, Nomad wa 2021, uligawa nyumba yetu: mimi nauona bora kuliko wa kwanza kwa sababu unauliza bondia anafanya nini baada ya makofi kuisha. Mjomba anasema ngumi zimepungua mno. Yuko sahihi pia.

Rainbow: Nisha Rokubou no Shichinin, ya 2010, imetoka studio ileile ya Ippo, Madhouse. Vijana saba kwenye gereza la watoto mwaka 1955, mmoja wao bondia anayewalea wenzake. Ni nzuri na ni ngumu kumeza. Kuna ukatili wa kila aina, usiiweke sebuleni watoto wakiwa macho. Nilitazama episodi mbili mbili, nikipumzika katikati.

Slam Dunk nayo ichukue, hasa kama ulimpenda Ippo kwa ugeni wake, maana Hanamichi anaingia mpira wa kikapu hajui lolote na anajifunza mbele ya macho yako. Ila ile ya televisheni ya 1993 hadi 1996, yenye episodi 101, inakatika kabla ya mechi kubwa. Mechi yenyewe imo kwenye filamu ya 2022 ambayo mwandishi wake Takehiko Inoue aliiongoza mwenyewe. Haikyu, ile ya voliboli, mnaijua wote, sina cha kuongeza.

Ambayo sikutegemea ni Ping Pong the Animation. Mpira wa meza! Michoro yake imepinda, nyuso kama zimechorwa ndani ya daladala, na nilitaka kuizima dakika ya tano. Kuna Mchina mmoja anaitwa Kong Wenge, aliyekatwa kwenye timu ya taifa lake na kutupwa kwenye shule ya Japani, anayedharau kila kitu anachokiona. Mwanzoni ni adui. Ikifika Krismasi anaimba na wenzake, na mimi huyu nikawa najifanya vumbi limeniingia jichoni. Episodi 11, basi. Kwa kipimo changu cha mpinzani mwenye kwao, hii inaikaribia Ippo kuliko katuni yoyote ya ngumi niliyoitazama.

Halafu kuna Run with the Wind, episodi 23, zilizotoka mwishoni mwa 2018 hadi Machi 2019. Hakuna ngumi hata moja. Wanafunzi kumi wanaoishi nyumba moja ya mbao inayokaribia kuanguka wanalazimishwa na mwenzao, Haiji, kujiandaa kwa mbio za kupokezana za Hakone. Hizo ni mbio za kweli, tarehe 2 na 3 Januari kila mwaka, wakimbiaji kumi kwa kila chuo, takribani kilomita 217 kutoka Tokyo hadi Hakone milimani na kurudi, na kinachopokezanwa ni mkanda wa kitambaa unaovaliwa begani. Wengi wa kumi hao hawajawahi kukimbia. Mmoja ni msomaji wa vibonzo ambaye ngazi tu zinamtoa jasho. Maandalizi yanachukua karibu hadithi yote, na kama wewe ni wa yale majani kumi, umefika nyumbani.

Nilikuwa natazama peke yangu siku hiyo, mjomba yuko uani anatengeneza redio. Mmoja wa wale kumi akajitambulisha, mweusi, mrefu, Kijapani chake cha adabu kupita cha Wajapani wenyewe: Musa Kamala, mwanafunzi kutoka Tanzania. Niliita kwa sauti. Mjomba akaja na bisibisi mkononi akidhani umeme umenipiga.

Kilichonifurahisha ni kwamba Musa hajui kukimbia. Amekwenda Japani kusoma sayansi. Kila anayemwona anadhani ameletwa kwa miguu yake, na dhana hiyo haikutoka hewani, kwa sababu tangu 1989, chuo cha Yamanashi Gakuin kilipompanga Mkenya Joseph Otwori kwenye Hakone, vyuo kadhaa vimekuwa vikiwachukua wakimbiaji wa Kenya. Musa anajua watu wanachokifikiria. Anatabasamu, na anaanza mazoezi pamoja na wengine, kutoka sifuri.

Mjomba aliketi. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, nikawa namtafsiria. Akaniuliza kama Wajapani wa kwenye hiyo katuni wanamjua Juma Ikangaa, mkimbiaji wetu wa marathoni. Sikuwa na jibu. Basi akanieleza yeye, katuni ikiwa imesimamishwa kwa muda mrefu kuliko episodi yenyewe: marathoni ya Fukuoka, Desemba 1983, Ikangaa ameongoza hadi ndani ya uwanja, na Mjapani Toshihiko Seko akamchomoka mwishoni kwa sekunde tatu. Miezi michache baadaye, 1984, Ikangaa akashinda marathoni ya Tokyo, akarudi kuishinda tena 1986. Alisimulia kwa mikono, bisibisi ikiwa ndiyo Seko.

Siku ya mbio tulitazama pamoja. Musa amepewa kipande cha pili, kile ambacho vyuo huwapa mabingwa wao, na anapokea mkanda pale Tsurumi kutoka kwa yule msomaji wa vibonzo, wakiwa nyuma ya wote. Mjomba akauliza kipande hicho kina urefu gani. Nikamwambia kilomita 23 na kidogo. Alivua miwani akaifuta kwa upindo wa shati, akanyamaza mpaka Musa akamaliza.

"Rudisha nyuma," akasema, "pale alipovaa mkanda."